Gari la Kikundi Likizimazima: Msikimbilie Kununua Injini



Kikundi kikiwa na gari la zamani la kupeleka wagonjwa na mazao Voi, siku likianza kuzima ovyo, akiba nayo huanza kuyeyuka. Sisi wenyewe yametupata. Usiku mmoja mwaka 2023 tulikuwa tumembeba mama mjamzito kwenda Hospitali ya Moi. Pale Maungu, dereva alipopunguza mwendo ili aingie barabara kuu ya Mombasa, injini ikazima na lori zinakuja. Injini ikizima, usukani huwa mzito na breki huwa ngumu. Kwa neema ya Mungu gari liliwaka tena, na mama akafika salama.

Kesho yake fundi mmoja akatuambia, "Hii injini imekwisha, tafuteni ingine." Mweka hazina alikuwa karibu kutoa pesa za karo za wanachama. Tukasema hapana, tumwite fundi wa pili kwanza. Yeye akakuta ubovu uko kwenye kidude kidogo tu: valvu ya hewa.

Kazi yake ni nini?

Ukikanyaga ekseleta, kibati kilicho kwenye njia ya hewa hufunguka na injini hupumua. Ukitoa mguu, kibati hufunga. Lakini injini lazima iendelee kupumua hata gari likiwa limesimama. Basi valvu hii hupitisha hewa kidogo kando ya kibati, na kompyuta ya gari ndiyo hupima kiasi. Masizi ya mafuta na vumbi letu jekundu vikijaa ndani, valvu hukwama.

Gari la dizeli la zamani, au la petroli lenye kabureta, halina valvu hii. Magari mengi ya siku hizi pia hayana, kwa sababu kompyuta huendesha kibati chenyewe.

Dalili zake: gari huzima ukitoa mguu kwenye ekseleta, mngurumo hupanda na kushuka likiwa limesimama, au huzima ukiwasha taa na feni.

Fanyeni hivi:

1. Anzeni na vitu vya bei ndogo. Angalieni eya klina, plagi, na mipira ya hewa iliyopasuka. Mpira mmoja uliopasuka huleta dalili hizi hizi.

2. Injini ipoe kabisa. Katika magari mengi maji ya rejeta hupita karibu na valvu, nayo yakiwa moto yatawaunguza. Toeni waya hasi wa betri.

3. Chomoeni soketi ya waya, wekeni alama kwenye kila mpira, kisha fungueni skurubu kwa bisibisi inayotoshea barabara. Skurubu zikiliwa vichwa, kazi imeharibika.

4. Safisheni kwanza. Tumieni dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, mbali na moto na sigara. Msiloweshe upande wa umeme, wala msisukume pini kwa nguvu.

5. Ikiwa bado imekwama, nunueni nyingine. Nendeni dukani na ile ya zamani mkalinganishe namba na umbo. Gasketi iwe mpya, kwani ya zamani ikivujisha hewa, ugonjwa utarudi.

6. Mkishafunga, jazeni maji yaliyopungua, rudisheni betri, washeni gari na kuliacha lingurume kama dakika kumi bila kukanyaga ekseleta, ili kompyuta ijifunze upya.

Hata kama kazi mtampa fundi, msimamizi wa gari awepo. Aulize, "Umepimaje ukajua ni hii?" Kipuri cha zamani kirudishwe kwa kikundi, na gharama iandikwe kwenye daftari mbele ya wanachama.

Tena, gari likiendelea kuzima, lisibebe mgonjwa mpaka litengenezwe. Pesa za karo hutafutwa tena, lakini uhai wa mama na mtoto haununuliwi.