Ugonjwa Wenye Kelele na Ugonjwa Mkimya

Idara ya afya ya halmashauri hukabiliana na magonjwa ya kuambukiza ya aina mbili, yale yanayokuja kwa kishindo na yale yanayokaa kimya mwilini kwa miaka, na katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu aina zote mbili hutokana na maji.

Kipindupindu ni cha aina ya kwanza. Bakteria wake, ambao humezwa pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, humharisha mtu majimaji meupe mithili ya maji yaliyooshewa mchele, na huweza kumwangusha ndani ya saa chache. Kwa hiyo mganga wa zahanati hasubiri jibu la maabara, bali hutoa taarifa wilayani ndani ya saa 24 kwa kumshuku mgonjwa tu. Maafisa afya hufika nyumbani kwa mgonjwa, hukagua choo na kisima, hugawa dawa ya kutibu maji, na hufungua kambi ambamo vitanda vimetobolewa katikati na kuwekewa ndoo chini, ili ijulikane mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na arudishiwe kiasi gani. Anayerudishiwa maji na chumvi mapema ni nadra kufa. Ugonjwa huo ulipoingia Simiyu mwishoni mwa mwaka 2023, kila ngazi ya utawala ilijua la kufanya, kwa sababu kipindupindu hakimpi mtu nafasi ya kukisahau.

Kichocho ni kinyume chake. Mayai ya minyoo yake hutoka na mkojo au kinyesi, huanguliwa majini, na viluwiluwi vyake hukulia ndani ya konokono kabla ya kutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima mpunga. Minyoo huishi mwilini kwa miaka kadhaa ikiharibu ini au kibofu, na mgonjwa huizoea hali yake. Kwa kuwa hakuna anayekuja zahanati akilia, idara ya afya hulazimika kuwafuata watu kwa kingatiba, yaani kuwapa dawa watu wengi kwa pamoja bila kumpima kila mmoja. Shuleni mtoto husimamishwa kando ya fimbo yenye alama, kwa kuwa kimo hukadiria uzito bila mzani: aliyefika sentimita 125 lakini hajafika 138 hupewa vidonge 2 vya prazikwanteli, baada ya kula, maana dawa hiyo ni chungu na hutia kichefuchefu.

Dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtoto anayerudi majini jioni ileile. Hapo ndipo mamlaka ya idara ya afya yanapokoma: afisa afya huweza kufunga kibanda cha chakula kichafu, lakini hawezi kufunga ziwa. Pengine hatua kubwa zaidi dhidi ya kichocho katika eneo hili imo mikononi mwa sekta nyingine, nayo ni mradi wa kufikisha maji ya Ziwa Victoria Busega, Bariadi na Itilima kwa mabomba, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha kuufadhili mwaka 2017. Hata hivyo, bomba humwondolea hatari anayechota na kufua, ilhali mvuvi na mkulima wa mpunga wataendelea kusimama ndani ya maji.