Hivi mtu wa Tanga anajiona Mwana Afrika Mashariki?

Leo nina swali dogo tu, ila limenisumbua wiki nzima.

Juzi nilikuwa kafe moja pale Ngamiani namsaidia dogo mmoja kujaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo. Tukafika kwenye uraia, akaandika Mtanzania. Anakotoka, Tanga. Nikamtania, "Mbona hujaandika Mwana Afrika Mashariki?" Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Bro, hilo nalo ni kabila?" Watu wakacheka. Mimi nikabaki nawaza. Pasipoti yetu mpya, iliyoanza kutolewa 2018, ina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye jalada. Sasa kama jina liko kwenye pasi, kwa nini haliko vichwani mwetu?

Tusijione wa ajabu. Kuna wenzetu walikuwa hivi hivi, tena ni wale waliotutawala: Waingereza.

Wazee wetu wakisema "fulani kaenda Ulaya", mara nyingi walikuwa na maana ya London. Kwa Mswahili, Mwingereza ndiye Mzungu wa Ulaya namba moja. Ila muulize yeye mwenyewe! Wengi wao wakitaja Ulaya wanakusudia ng'ambo ya maji, kule kwa Wafaransa na Wajerumani. Waliingia kwenye jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Mwaka 1975 wakaulizwa kwa kura kama wabaki, asilimia 67 wakasema ndiyo. Lakini pesa ya pamoja, yuro, waliikataa wakabaki na pauni yao. Kwenye kura za maoni za miaka mingi walikuwa miongoni mwa walioongoza kusema "mimi ni wa nchi yangu tu". Tarehe 23 Juni 2016 wakaulizwa tena, asilimia 51.9 wakasema tutoke. Wakatoka rasmi 31 Januari 2020. Miaka 47 ndani ya nyumba, na wengi wao hawakuwahi kuiita kwao.

Ila msiwaweke wote kapu moja. Scotland asilimia 62 walitaka kubaki, Ireland ya Kaskazini nako wengi walitaka kubaki, na vijana wengi pia. Wapo waliojiona Waskoti na Wazungu wa Ulaya kwa pamoja bila shida yoyote.

Haya, turudi nyumbani. Mimi naona kwenye Afrika Mashariki, Waingereza ni sisi Watanzania. Msinipige mawe, nisikilizeni kwanza.

Jumuiya ya kwanza ilianzishwa 1967: Tanzania, Kenya na Uganda. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa vya pamoja. Mzee aliyefanya kazi reli ya Tanga enzi hizo aliajiriwa na shirika moja na mwenzake wa Mombasa na Kampala. Mwaka 1977 ikavunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walidai mafao yao miaka na miaka, mpaka mahakamani. Sasa mtoto aliyekua anamwona babu yake anafuatilia mafao mpaka anazikwa, utamwambia nini kuhusu undugu wa Afrika Mashariki akuelewe?

Mkataba mpya ukasainiwa Arusha 30 Novemba 1999. Mwaka 2004 iliundwa kamati chini ya Amos Wako wa Kenya kuangalia namna ya kuharakisha shirikisho, yaani tuwe nchi moja ifikapo 2013. Wananchi wakaulizwa maoni 2006 na 2007. Watanzania walio wengi wakasema hapana, twende polepole. Hofu kubwa ilikuwa ardhi na ajira. Na kwenye itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 2010, ardhi ikaachwa chini ya sheria za kila nchi. Kenya, Uganda na Rwanda walipokubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho tu kuanzia 2014, sisi hatukuwamo. Umeona? Tumo ndani, ila mguu mmoja uko mlangoni. Uingereza mtupu.

Lakini sasa panda gari stendi uelekee Horohoro, wilaya ya Mkinga. Hapo ndipo hadithi inapogeuka.

Mpaka ule walichora Waingereza na Wajerumani kwenye makubaliano ya 1886. Waliweka alama kwenye mdomo wa mto Umba, wakavuta mstari kwenda bara hadi ziwa Victoria. Wadigo na Wasegeju hawakuulizwa. Mpaka leo Mdigo yuko Mkinga na Mdigo yuko Kwale. Huku Horohoro, kule Lunga Lunga. Huku Jasini, kule Vanga. Msiba ukitokea upande mmoja, upande wa pili wanafunga safari kuja kuzika. Anayekwenda kumposa binti Vanga haendi "kudumisha mtangamano", anakwenda kuoa! Watu hawa wanauishi Uafrika Mashariki kila siku, ila hawauiti hivyo. Wanauita ujamaa wa damu, ujirani na riziki.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia eti Watanzania hatuna hisia za Afrika Mashariki. Zipo. Hazina jina la Jumuiya, basi.

Ila na mimi nisiwadanganye, hisia peke yake haitoshi. Angalieni Wapemba. Kwa vizazi wamefuata samaki na upepo, wanapiga dago pwani yote hii mpaka Kenya. Wengine walihamia moja kwa moja Kwale na Kilifi, wakazaa, wakazika wazazi wao huko. Kiswahili wanakijua, dini moja na majirani, bahari moja. Lakini kitambulisho hawakuwa nacho. Bila kitambulisho hufungui akaunti benki, huandikishi laini ya simu kwa jina lako, mtoto anahangaika na shule. Mpaka 2023 ndipo Kenya ikawatambua rasmi kama mojawapo ya jamii zake na kuanza kuwapa uraia. Miaka yote hiyo waliyokuwa wanaishi pale kama ndugu, serikali ilikuwa haiwajui.

Kwa hiyo kuna vitu viwili hapa. Kuna undugu bila karatasi, huo ni wa Horohoro na wa Wapemba. Na kuna karatasi bila undugu, hiyo ni ya Arusha makao makuu. Karatasi tunazo nyingi tu. Tuna wimbo wa Jumuiya tangu 2010, tena kwa Kiswahili, wakati wimbo wa Umoja wa Ulaya hauna hata maneno. Tuna bunge la Afrika Mashariki. Haya, wewe unayesoma hapa, nitajie wabunge wetu 3 tu kati ya 9 walioko kule. Kimya! Si kosa lako, hukuwapigia kura. Wanachaguliwa na wabunge wa Dodoma. Mzungu wa Ulaya angalau mbunge wake wa Ulaya anampigia kura mwenyewe, na bado Mwingereza aliona yuko mbali naye. Sisi je?

Halafu kuna tumbo. Novemba 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa madai ya sumukuvu, mpaka viongozi wakakaa kuzungumza. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15 za aina fulani, zikiwemo uwakala wa kutuma pesa, kutengeneza simu na saluni. Wakenya wakalalamika sana. Na mimi, nawaambia ukweli, kijana wa hapa mwenye meza yake ya kutengeneza simu namwelewa kabisa akifurahi. Lakini namkumbuka na yule wa Mkinga mwenye binamu Mombasa anayekaanga viazi kule. Wakitufanyia hivyo hivyo wao, nani ataumia kwanza? Si mkubwa wa Dodoma wala wa Nairobi. Ni sisi wa mpakani.

Upande wa pili, Tanga tumepata neema ya ujirani huo huo. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani. Kenya walilitaka lipite kwao, Uganda ikachagua Tanga mwaka 2016. Siku ile hapa mjini kila mtu alikuwa Mwana Afrika Mashariki, teh teh!

Hitimisho langu ni hili. Mtu hawi wa mahali kwa kuambiwa na mkataba. Anakuwa wa mahali akiwa na kitu pale asichotaka kukipoteza, na akiwa na sauti pale. Waingereza walipata faida miaka 47, lakini siku ya kura wengi hawakuona wana cha kupoteza. Sisi cha kupoteza tunacho, tena tulikuwa nacho kabla ya Jumuiya yoyote. Hatuhitaji kuacha Utanzania. Mzanzibari ana Uzanzibari na Utanzania tangu 1964, anabishana navyo kila siku na vyote anavyo. Mdigo wa Mkinga ataweza kubeba viwili pia. Anachoomba ni avuke kwenda kuzika bila usumbufu, na aulizwe kabla hawajachora mstari mwingine.

Yule dogo tulimaliza fomu yake. Chini kabisa kulikuwa na "lugha unazozungumza". Akaandika Kidigo, Kiswahili, Kiingereza kidogo. Nikamwambia hizo mbili za kwanza zinakufikisha Mombasa bila mkalimani. Akacheka.

Naomba kuwakilisha. Wewe ukiulizwa unatoka wapi, unaanza na lipi: kabila, mji, nchi au Afrika Mashariki? Na wa Vanga na Lunga Lunga mnaosoma hapa, semeni na nyie. Matusi hapana, hoja ndiyo.