Maikrofoni ya Mwimbaji: Askari Anunue Ipi kwa Studio ya Nyumbani?

Katika kambi zetu na katika makazi ya polisi hapakosekani watu waliojaliwa sauti nzuri. Wapo waimbaji wa kwaya, wapo watunzi wa nyimbo za mchakamchaka, na wapo wazee waliokaribia kustaafu ambao wakianza kusimulia habari za kale, vijana hukaa kimya wakawasikiliza. Zamani sauti kama hizo hazikurekodiwa ila pale gari la redio lilipofika kambini. Leo askari mwenye kompyuta ndogo aweza kuigeuza pembe moja ya chumba chake kuwa studio. Kinachobaki ni kununua maikrofoni, na hapo ndipo akiba ya miezi mingi huweza kupotea katika siku moja.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Madukani maikrofoni zinazometameta ni nyingi, na kila muuzaji atakuapia kwamba yake ndiyo inayotumiwa na waimbaji mashuhuri. Makala haya yanakusudia kumpa msomaji maarifa ya kumwezesha kuchagua mwenyewe, kwa akili iliyotulia, katika daraja la bei ya kati, yaani kutoka kama dola 100 hadi dola 400 kwa bei za Marekani. Hapa kwetu gharama za usafirishaji na ushuru huongezeka juu yake, na kwa sababu hiyo kosa la kuchagua vibaya ni ghali zaidi.

AINA MBILI ZA MAIKROFONI

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba maikrofoni za kuimbia za bei hii zimegawanyika katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni la dainamiki. Ndani yake mna kiwambo chembamba kilichogandishwa na koili ya waya, nayo koili imewekwa karibu na sumaku. Sauti ikikipiga kiwambo, koili hutikisika, na umeme mdogo huzaliwa. Haihitaji umeme wowote kutoka nje. Ni chombo kigumu, chenye kustahimili vumbi, safari na mikono ya watu wengi. Mfano unaojulikana kote duniani ni Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ingali ikitengenezwa, kwa bei ya kama dola 100.

Kundi la pili ni la kondensa. Hapa kiwambo chepesi mno hukaa karibu sana na bamba la chuma, na sauti ikikitikisa, kiasi cha umeme uliohifadhiwa baina yao hubadilika. Aina hii ilibuniwa mwaka 1916 na E. C. Wente huko Marekani. Mwaka 1962 James West, mwanasayansi Mmarekani mweusi, pamoja na mwenzake Gerhard Sessler, walibuni namna ya kukifanya kiwambo kishike umeme wake daima, na kwa uvumbuzi huo maikrofoni ndogo na rahisi zikaenea ulimwenguni. Maikrofoni za kondensa za studio huhitaji umeme wa volti 48, ambao hupelekwa kwa waya uleule unaochukua sauti. Mifano ya bei ya kati ni Rode NT1 na Audio-Technica AT2035.

Tofauti baina ya makundi haya si ndogo. Kwa sauti ya nguvu ileile, SM58 hutoa umeme wa milivolti 1.85 hivi, hali Rode NT1-A hutoa kama milivolti 25. Hiyo ni zaidi ya mara 13. Msomaji asiyejua zaidi ataharakisha kusema, basi kondensa ndiyo bora. La hasha. Tuendelee.

CHUMBA KABLA YA CHOMBO

Mlinzi mwenye masikio makali humsikia adui, lakini humsikia pia mbwa, panya na upepo. Ndivyo ilivyo kondensa. Huleta pumzi ya mwimbaji na utamu wa mwisho wa neno, lakini huleta pamoja nao jenereta ya jirani, watoto wanaocheza uani, mvua juu ya bati na mwangwi wa kuta. Anayekaa katika zile nyumba za bati za mviringo ziitwazo unipoti anajua jinsi sauti inavyozunguka ndani yake. Weka humo kondensa ya dola 300, nawe utapata picha safi kabisa ya kelele.

Kwa askari pana jambo zito zaidi. Chombo chenye usikivu mkubwa hakichagui cha kusikia. Wimbo uliorekodiwa karibu na lindo waweza kubeba nyuma yake amri, jina la kikosi au maneno ya redio ya mawasiliano, na wimbo huo ukisambazwa kwa simu hauwezi tena kurudishwa. Basi pata kwanza ruhusa ya mkubwa wako, rekodi mbali na ofisi na lindo, na kila mara sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni kile kilicho nyuma ya sauti yako kabla ya kumpa mtu mwingine.

Kipime chumba hivi: rekodi kimya kwa muda wa nusu dakika, kisha ongeza sauti na usikilize. Baadaye piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaobaki baada ya kofi, chumba kina mwangwi. Tundika mablanketi mazito nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, simamisha godoro ukutani, funga mapazia. Kazi hii haigharimu fedha, na faida yake yaweza kupita tofauti ya dola 200 baina ya maikrofoni mbili.

Kama baada ya hayo chumba bado kina kelele, chagua dainamiki. Mwimbaji huikaribia kwa upana wa vidole vinne au pungufu, na kwa kuwa yuko karibu, sauti yake huzidi kelele za mbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayofika moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Kama chumba kimetulia na kimevikwa vizuri, kondensa itakulipa thamani yake.

SAUTI YA MTU NA VIFAA VINGINE

Jambo la pili ni sauti yenyewe. Kondensa nyingi za bei ya kati huinua sauti za juu, na mtu mwenye sauti kali atasikia herufi ya s ikichoma kama sindano. Huyo mara nyingi hupendezwa zaidi na dainamiki. Mwenye sauti nzito iliyofifia aweza kupata uhai mpya katika kondensa. Ukipewa nafasi ya kujaribu dukani, sema maneno haya mara tatu katika kila maikrofoni: “Askari, simameni sawasawa, pigeni picha papo hapo.” Herufi za s zitafichua ukali, na zile za p zitafichua mshindo wa pumzi.

Kwamba bei si kipimo cha ubora peke yake, historia inashuhudia. Michael Jackson alipotengeneza albamu ya Thriller mwaka 1982, fundi wake Bruce Swedien alimrekodi kwa Shure SM7, ambayo ni dainamiki, ingawa studio ilikuwa na maikrofoni za bei kubwa zaidi. Mrithi wake, SM7B, huuzwa Marekani kwa karibu dola 400.

Lakini hapa pana mtego. SM7B hutoa umeme mdogo sana, na huhitaji kikuza sauti chenye uwezo wa kama desibeli 60. Kisanduku cha bei ndogo kinachounganisha maikrofoni na kompyuta kikishindwa kazi hiyo, utapata sauti hafifu yenye mvumo. Basi kabla ya kununua maikrofoni, uliza kisanduku chako kina nguvu kiasi gani, na kama kinatoa volti 48. Aliye na dola 400 kwa jumla afadhali anunue maikrofoni ya dola 100, kisanduku kizuri, waya imara, kisimamo na vipokea sauti, kuliko kumaliza fedha zote kwa maikrofoni isiyo na wenziwe.

Zipo pia maikrofoni zinazochomekwa moja kwa moja katika kompyuta kwa waya wa USB. Zinafaa kwa msimulizi wa peke yake. Kwa waimbaji wawili au kwaya hazifai, kwa maana ni shida kuzitumia mbili pamoja katika kompyuta moja.

TAHADHARI YA BIDHAA BANDIA

SM58 imeigwa sana na watengenezaji wa bidhaa bandia. Ile halisi ina uzito wa gramu 298 hivi. Nyepesi sana kuliko hapo ishuku, ingawa uzito sahihi pekee si ushahidi wa kutosha. Bei iliyo chini mno kuliko ya kawaida ni dalili nyingine. Nunua kwa mfanyabiashara anayetoa risiti na dhamana, na ujaribu mbele yake.

MATUNZO NA MATUMIZI

Maikrofoni njema ikishikwa vibaya ni sawa na bunduki isiyosafishwa. Kwa kondensa, simama umbali wa shubiri moja hivi. Baina ya mdomo na maikrofoni weka kikinga pumzi, ambacho waweza kukitengeneza kwa soksi ya nailoni iliyowambwa juu ya pete ya waya. Ihifadhi pakavu ndani ya mfuko wake, kwa kuwa unyevu hudhuru kiwambo chake. Ukisikia mvumo wa umeme, jaribu kuitumia kompyuta kwa betri yake. Mwisho, nakili kila kazi mahali pawili.

Kwa ufupi: askari anayeishi penye kelele na anayehama mara kwa mara achukue dainamiki ya kama dola 100, wala asione haya. Aliye na chumba tulivu, kisanduku chenye volti 48 na ruhusa ya kurekodi, atafute kondensa ya kati ya dola 150 na 250. Mwenye fedha zaidi asikimbilie jina kubwa kabla ya kupima chumba chake na vifaa vyake.

Mzee anayestaafu mwaka huu, pamoja na nyimbo na habari anazozijua, hatangoja mpaka tupate chombo cha ndoto zetu. Chombo cha wastani kikichaguliwa kwa busara kitaihifadhi sauti yake leo, na watoto wake wataisikia wakati yeye mwenyewe hayupo.