Pima Kabla ya Kufunga: Vipuri vya Ekseli ya Gari la Shamba

Ndugu mkulima, maembe hayangoji fundi. Tuseme umeyachuma alfajiri huko Marafa, ukayapanga vizuri katika Land Rover yako, ukashika njia ya kwenda Malindi. Gurudumu la nyuma likazama katika mchanga, ukakanyaga mafuta kwa nguvu, mara ukasikia mlio mkubwa chini ya gari. Injini inanguruma, lakini gari halisogei.

Shafti ya ekseli imekatika. Hiyo ni ile fimbo ya chuma itokayo ndani ya difu kwenda kuligeuza gurudumu, ambayo mafundi huiita hafu-shafti. Kukatika kwake si ajabu kwa gari linalobeba mzigo mzito mchangani. Hasara kubwa zaidi huja baadaye, mtu anaponunua shafti mpya kwa haraka na kuifunga bila kuipima. Shafti isiyofaa huweza kuharibu difu nzima, na difu ni ghali kuliko shafti nyingi.

Huenda ukasema, "Mimi nimeomba shafti ya Land Rover, nami nimepewa shafti ya Land Rover. Nipime nini tena?" Basi fahamu kwamba gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam, nalo lilikusudiwa hasa kazi ya shamba. Magari ya ukoo huo wa zamani yaliendelea kutengenezwa Uingereza mpaka Januari 2016. Katika muda wote huo ekseli zake zilibadilishwa mara nyingi. Shafti za nyuma za magari mengi ya zamani zina meno 10 upande wa difu, na za magari mengine, hasa ya baadaye, zina meno 24. Wala usitegemee mwaka wa gari peke yake. Gari lililopita katika mikono ya watu wengi huenda lilifungwa ekseli ya gari jingine zamani, na wewe hukuambiwa.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni hili: usitupe kipuri cha zamani. Hata kikiwa kimevunjika vipande viwili, vikusanye vyote, uvifute mafuta, uende navyo dukani pamoja na namba ya chesisi ya gari lako. Kipuri cha zamani ndicho shahidi wako.

Weka shafti mpya kando ya ile ya zamani juu ya meza. Linganisha urefu wake. Kumbuka kwamba difu ya Land Rover haikukaa katikati ya ekseli, hivyo shafti ya upande mmoja ni ndefu na ya upande wa pili ni fupi. Hesabu meno kwa kuanzia jino ulilotia alama ya chaki, usije ukalihesabu mara mbili. Tazama pia matundu ya bolti, kama yanalingana kwa idadi na kwa nafasi.

Kisha ijaribu katika gari. Lakini kwanza lizuie gari lisisogee, na uiegemeze ekseli juu ya stendi ya chuma au magogo magumu. Usitumie tofali la matumbawe, maana hupasuka ghafula, na jeki peke yake si ya kuaminiwa. Ingiza shafti kwa mkono, bila nyundo. Meno yake yaingie katika gia ya difu kwa kuteleza, wala yasichezecheze sana. Shafti ikiwa fupi mno, itashika kwa ncha za meno tu, na ncha hizo zitakatika mzigo ukizidi. Ikiwa ndefu mno, kichwa chake hakitakaa sawa. Hapo watu wengine huivuta kwa kukaza bolti. Usifanye hivyo! Nguvu hiyo yote inaisukuma difu kutoka ndani.

Sasa tuje kwenye beringi za gurudumu. Kila beringi ina sehemu mbili: bakuli linalokazwa ndani ya habu, na koni yenye roli inayokaa juu ya mkono wa ekseli. Soma namba zilizochorwa ukingoni, uhakikishe ni zile zile za beringi ya zamani. Usioanishe koni mpya na bakuli kuukuu. Bakuli la zamani lina makovu yake, nayo yatakula roli mpya. Unapolitia bakuli jipya, ligonge taratibu kuzunguka pande zote kwa kipande cha shaba mpaka likae chini kabisa. Ukiona mwanga unapita chini yake, bado halijakaa.

Kabla ya kutia sili ya mafuta, pitisha ukucha mahali sili itakapokaa. Ukucha ukinasa katika mfereji, sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Badili kwanza sehemu hiyo iliyolika. Wakulima wa Gongoni na Marereni, karibu na mashamba ya chumvi, wawe waangalifu zaidi, kwa maana chumvi hula chuma. Sili inayozuia mafuta ya difu hutiwa mdomo wake ukielekea ndani, yaliko mafuta, na ipakwe mafuta kidogo isije ikaungua mwanzoni.

Ukisha kufunga habu, kaza nati yake huku ukilizungusha gurudumu, kisha uilegeze kwa kadiri ya kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likichezacheza waziwazi, nati imelegea. Likizunguka kwa uzito, umekaza mno. Usisahau kukunja kile kibati kinachoizuia nati isifunguke.

Liendeshe gari bila mzigo mwendo mfupi, kisha usimame na kugusa habu kwa uangalifu. Uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa moto hata mkono hauvumilii, rudi ukapime upya. Angalia pia tundu la pumzi la ekseli. Likizibwa na matope, mafuta yakipata moto husukuma sili na kuvuja. Tena ekseli ya moto ikiingia majini hupoa na kuvuta maji ndani. Mafuta ya difu yakigeuka rangi kama maziwa, maji yameingia. Yamwage, utie mapya.

Na yule aliyekwama njiani na maembe yake? Katika Land Rover nyingi, shafti haibebi gurudumu. Kazi yake ni kuligeuza tu. Kwa hiyo fungua bolti, utoe vipande vyote vya shafti, uzibe tundu kwa kitambaa safi na kukifunga imara, kisha utie gia ya magurudumu manne. Kama gari lako lina kifungio cha difu ya katikati, kifunge. Magurudumu ya mbele yatakuvuta polepole hadi kwa fundi. Lakini angalia: katika pikapu ndogo nyingi shafti ndiyo inayolishika gurudumu. Shafti ya namna hiyo ikikatika, gurudumu huweza kuchomoka pamoja nayo. Usijaribu kuliendesha gari hilo hata hatua moja.

Ndugu msomaji, gari la shamba halibebi maembe na nazi tu. Hubeba pia watoto wa jirani, mgonjwa wa usiku, na mama anayekwenda kujifungua. Kupima kipuri huchukua muda mdogo, na chombo chake ni rula, chaki na macho yako mwenyewe. Fundi akikuambia, "Itaingia tu," mwombe akuonyeshe ikiingia kwa mkono. Mwenda pole hajikwai.