Nani Anaosha Vyombo Ujerumani?

Kijana wa Kitanzania anayekwenda kusoma Ujerumani huwasimulia wa nyumbani mambo yale yale katika miezi ya mwanzo: majirani hawasalimiani, hakuna kumtembelea mtu bila miadi, kila mmoja yuko kivyake, na Jumamosi nzima inaweza kupita bila kusikia sauti ya mtu akikuita. Wanaomsikiliza huku nao wana jibu lao tayari: Wazungu ndivyo walivyo, sisi ni watu wa utu. Maelezo hayo yamezoeleka mno, na naona yanatuzuia kuona jambo kubwa zaidi. Mengi anayoyaita tabia ya Wajerumani ni matokeo ya bei ya saa moja ya kazi ya mikono.

Tuchukue Januari 2023, kwa sababu mwezi huo tunaweza kuzilinganisha nchi hizi mbili kwa tarehe moja. Ujerumani, kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12 kwa saa, takriban shilingi 30,000 kwa viwango vya fedha vya wakati ule. Tanzania, amri mpya ya mishahara iliyoanza kutumika mwezi huo huo iliweka kima cha chini cha mtumishi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni kweli kwamba mtumishi huyo hulala na kula pale pale, na ni kweli kwamba fedha hiyo Dodoma hununua vingi kuliko Berlin. Lakini hata ukiyaweka yote hayo kwenye hesabu, saa mbili za mfagiaji wa Leipzig kulingana na mwezi mzima wa dada wa kazi wa Tabata ni pengo linalotosha kubadili sura ya siku nzima, tangu kuamka hadi kulala.

Mwanafunzi aliyepanga chumba Sinza ananunua mboga gengeni, na mwenye genge humchambulia mchicha, humkatia sukuma wiki nyembamba kama anavyotaka, kisha humpimia mafuta ya kula ya shilingi mia tano. Dukani kwa Mangi anapata robo ya sukari na kipande cha sabuni. Mchana anakula kwa mama ntilie, nguo anapeleka kwa dobi, na akitaka kitanda anakwenda Keko kuzungumza na seremala. Kila kitu kinamfikia kikiwa kimegawanywa, kimekatwa au kimepikwa na mkono wa mtu ambaye saa yake ni ya bei nafuu. Huko Ujerumani, karibu kila moja ya kazi hizo inarudi mikononi mwake. Dukani mtunza fedha amekaa kwenye kiti, anapitisha bidhaa haraka haraka, na mteja hupakia mwenyewe kwenye mfuko aliokuja nao. Chupa tupu ya plastiki ina amana ya senti 25, na ili arudishiwe inambidi aitumbukize kwenye mashine, chupa baada ya chupa, hadi mashine itoe karatasi ya kupeleka kwa mtunza fedha. Kitanda kinakuja ndani ya boksi pamoja na skrubu zake. Nyumba za kupanga kwa pamoja huwa na ratiba iliyobandikwa jikoni: wiki hii nani anasugua bafu, nani anatoa taka, nani anapiga deki korido. Hata tramu haina konda. Abiria hujikatia tiketi, na akikutwa na mkaguzi bila tiketi, faini ni euro 60.

Hapo ndipo ule ukimya unapoeleweka. Salamu nyingi tunazojivunia zinasafiri pamoja na huduma. Mtu anayekwenda chuoni asubuhi Dar es Salaam husemeshwa na konda, na bodaboda, na muuza maandazi, na mlinzi wa getini, kwa kuwa wote hao wapo kazini na kazi yao inapita mdomoni. Ondoa watu hao, weka mashine mahali pao, na mtu yule yule mchangamfu atapita mji mzima akiwa kimya. Wala huhitaji kupanda ndege kuliona hilo. Mteja wa duka kubwa la Masaki huchukua kikapu, hupanga foleni, hulipa na kuondoka bila kumjulia hali yeyote, na ni Mtanzania kama sisi.

Yupo atakayepinga kwamba si kila kitu ni bei, na ana haki. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa, na hilo lina mizizi katika katiba: kifungu cha mwaka 1919 kinachoilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko kilihamishiwa kwenye Sheria ya Msingi ya 1949. Kuna pia saa za utulivu usiku, kwa kawaida kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi, na jirani anaweza kuita polisi kwa ajili ya muziki. Kuna lugha ngumu, na kuna Desemba ambamo jua la Berlin huzama kabla ya saa 10 jioni. Bei ya kazi haielezi majira ya baridi. Lakini hiyo Jumapili haiko mbali na hoja yangu hata kidogo, maana chanzo chake si imani ya dini pekee. Muuza duka naye ana siku ambayo saa zake haziuzwi, na taifa limekubali kukosa kwenda madukani siku hiyo kwa ajili yake.

Wengine watasema ni utajiri tu: wenye fedha hujihudumia kwa mashine. Mwanafunzi, hata hivyo, si tajiri. Tangu Septemba 2024 anayeomba viza kwa kawaida hutakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka, na akitumia akaunti maalumu ya benki hutolewa euro 992 kila mwezi. Humo kuna kodi ya chumba, bima ya afya ambayo ni lazima, na chakula. Kufanya kazi anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Ndugu wanaozidisha euro kwa shilingi na kushangaa mbona hatumi fedha wanasahau kwamba saa yake inalipwa vizuri kwa sababu ile ile inayofanya kinyozi na fundi bomba wamtoze ghali.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni hili: je, nasema utu wetu ni kazi ya bei rahisi tu? Hapana. Mchango wa msiba hauna mshahara, na anayekesha na mgonjwa hospitalini hatozi kwa saa. Huo ni utu, na mwanafunzi ana haki ya kuulilia akiwa mbali. Lakini vyombo vilivyooshwa na binti wa miaka kumi na saba aliyetolewa kijijini si utu wetu. Ni jasho lake, nasi tumelizoea. Kijana wa kiume aliyekua akitengewa chakula ndiye anayeumizwa zaidi na ratiba ile ya jikoni, wakati dada yake, aliyefua na kupika bila malipo tangu utoto, atakuta Ujerumani kazi anazozijua na tofauti moja tu: wavulana nao wana zamu. Mzazi anayemwandaa mwanawe kwa safari hiyo amkabidhi jiko na beseni la kufulia miaka kadhaa kabla ya kumtafutia pasipoti, na amwambie waziwazi aliyekuwa akimfanyia kazi hizo analipwa kiasi gani.