Onyo la Pakiti ya Sigara: Je, Mvutaji Hulisikia?

Wahenga walisema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Watu wengi humtolea mvutaji sigara methali hii. Eti amelisoma onyo kwenye pakiti, ameiona na picha ya mapafu yaliyooza, kisha akawasha kiberiti na kuvuta tu! Kwao, maonyo yale ni kazi bure. Je, ni kweli? Ndugu msomaji, hebu tulichunguze jambo hili.

Kwanza tuangalie tulikotoka. Nchini Marekani, kuanzia mwaka wa 1966, kila pakiti ilitakiwa kuwa na sentensi moja fupi ubavuni, iliyosema kuwa sigara huenda ikadhuru afya. "Huenda" tu! Kanada ilitangulia kuweka picha kubwa za rangi mwaka wa 2001, zikichukua nusu ya pakiti. Hapa Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 iliagiza onyo lichukue asilimia 30 ya upande wa mbele na asilimia 50 ya upande wa nyuma, kwa Kiingereza na Kiswahili. Kanuni za mwaka wa 2014 zikaongeza picha. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo kortini, lakini mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu iliitupilia mbali rufani yake.

Sasa, onyo hufanyaje kazi? Nguvu yake ya kwanza ni kurudiarudia. Mtu anayemaliza pakiti ya sigara 20 kwa siku huishika pakiti hiyo karibu mara 7,300 kwa mwaka. Ni mwalimu gani au daktari gani anayeweza kumwonya mtu mara zote hizo? Nguvu ya pili ni picha. Asiyejua kusoma huielewa, na hata mtoto mdogo akiiona mezani atamwuliza baba yake, "Hii ni nini?" Swali kama hilo huuma kuliko maandishi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Onyo peke yake halikati uraibu. Ndani ya tumbaku mna nikotini, ambayo hufika ubongoni kwa sekunde chache tu baada ya mtu kuvuta, na mwili huizoea ukaidai tena na tena. Kwa hiyo mvutaji anaweza kuliamini onyo kabisa na bado ashindwe kuacha. Wengine huificha pakiti au huifunika ili wasiione ile picha. Huyo hajapuuza onyo. Limemchoma, ndiyo maana anaficha! Anachohitaji ni kuonyeshwa njia ya kutokea. Onyo zuri basi halimtishi mtu tu, bali humwambia pia mahali pa kupata msaada. Tena jicho huzoea, kwa hivyo picha zinafaa kubadilishwa mara kwa mara. Australia nayo iliondoa rangi za kuvutia na nembo za kampuni kwenye pakiti mwaka wa 2012, ili onyo lisiwe na kitu cha kushindana nacho.

Lakini kwetu kuna tatizo jingine, nalo ndilo kubwa. Sheria yetu inakataza kuuza sigara moja moja. Haya, nenda kwenye vibanda vya stejini ukaone. Mteja anatoa shilingi zake chache, mwenye kibanda anachomoa sigara moja, na kiberiti kinaning'inia hapo kwa uzi. Pakiti yenyewe inabaki ndani, pamoja na onyo lake! Na ni nani hununua sigara moja? Ni yule asiye na pesa za pakiti nzima, na mara nyingi ni kijana anayejaribu kwa mara ya kwanza, pengine akiwa bado amevaa sare ya shule. Yule anayehitaji onyo kuliko wote ndiye asiyeliona kamwe. Huenda Kanada waliona mbali walipopitisha kanuni mwaka wa 2023 kwamba onyo lichapishwe juu ya kila sigara.

Kwa maoni yangu, basi, si haki kumwita kila mvutaji sikio la kufa. Dawa isiyofika sikioni itasikiwa vipi? Wenye vibanda waache kuuza moja moja, na wakuu wanaohusika waifuate sheria waliyo nayo tayari.

Nanyi wanafunzi wenzangu, ukiona rafiki yako anapewa sigara moja mkononi, kumbuka haina maandishi yoyote ya kumwonya. Mwambie wewe. Mchovya asali hachovyi mara moja, na tahadhari ni kabla ya hatari.