Lita 30 za Gitambi: Kioo cha Pikapu Kiliposema Uongo



Mwisho wa mwezi mmoja dereva wa pikapu, mwanachama wetu wa Gitambi, alifika ofisini kwetu na karatasi ya mshahara mkononi. Hakukaa. Aliiweka mezani akasema, "Ndugu Katibu, soma mwenyewe." Nikasoma. Chini ya jina lake palikuwa na mstari mmoja: upotevu wa mazutu, lita 30, kukatwa kwa miezi miwili.

Jina lake silitaji, wala la kampuni silitaji, maana shauri halijaisha.

Hesabu ya ofisi ilikuwa hivi. Pikapu hiyo, ambayo wengi wetu huku tunaiita kamyoneti, ina kioo kidogo cha umeme mbele ya dereva. Kioo kinaandika gari limekula lita ngapi kwa kilomita 100. Mwezi ule kiliandika 8.9. Daftari la safari lilionyesha kilomita 2,400. Karani akazidisha, akapata lita 213 na kitu. Lakini vocha za kituo cha mafuta zilijumlisha lita 244. Basi, lita 30 zimekwenda wapi? Karani hakuuliza fundi, hakuuliza dereva. Aliandika tu.

Nami nikiri jambo. Siku ile nilimtilia shaka ndugu yetu. Nilimwambia, "Mashine haina sababu ya kukusingizia." Aliniangalia sana, kisha akaniuliza kama nimesahau mambo ya mizani. Nikanyamaza, maana nilikuwa nimesahau kweli. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo anajua mizani ni nini. Mizani nayo ni mashine, haina chuki na mtu, lakini ikikosewa kurekebishwa inakula jasho lako kila siku asubuhi na jioni. Kwa hiyo tulikubaliana: kabla ya kubishana na bwana mkubwa, tukipime kwanza hicho kioo.

Sasa nieleze kioo kinavyofanya kazi, kama fundi mmoja wa Kamembe alivyotufafanulia. Wengi tunadhani ndani ya tangi kuna kitu kinachopima kila lita inayotoka. Hakuna. Kompyuta ya injini ya dizeli huagiza nozeli zifunguke kwa muda mfupi sana, nayo inajua presha ya mazutu ndani ya bomba. Kwa muda na presha hiyo inakisia: nozeli ikifunguka hivi, yametoka matone kadha. Kisha inagawanya kwa kilomita, nazo kilomita inazipata kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Kwa hiyo kioo kinakisia mara mbili, mafuta na mwendo. Nozeli zikiwa mpya na tairi zikiwa za saizi ileile iliyotoka kiwandani, makisio yanakaribia ukweli. Nozeli zikichakaa baada ya miaka mingi, zinaweza kumwaga zaidi ya kompyuta inavyodhani, na kompyuta haina habari.

Tukaandika barua kwa kampuni, tukaomba jaribio la mbele ya watu. Hawakukataa, nadhani kwa sababu waliamini watatushinda. Tulikuwa wanne: dereva, mwakilishi wa wafanyakazi, mtunza stoo wa kampuni, na mimi. Tulipeleka pikapu kituoni, tukajaza tangi mpaka pampu ilipojikata yenyewe, na hapo tukaacha. Usiongeze tone baada ya pampu kujikata, maana mmoja ataongeza kidogo na mwingine ataongeza sana, na hesabu itaharibika. Tukarudisha kilomita za safari kwenye sifuri, na wastani wa kioo nao kwenye sifuri. Kisha gari likaenda kazini kama kawaida, kupanda na kushuka.

Hapo kwenye kupanda na kushuka ndipo penye udanganyifu mwingine. Bugarama ni bonde la chini kuliko sehemu nyingine zote za Rwanda, kama mita 950 juu ya usawa wa bahari. Kamembe iko juu ya Ziwa Kivu, na ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,460. Ukishuka kwenda Bugarama umetoa mguu kwenye pedali, nozeli zinafunga kabisa na kioo kinaandika 0.0. Ukirudi na mzigo, namba inaruka kupita 20. Msimamizi mmoja alikuwa amepanda gari wakati wa kushuka tu, akaona sifuri, akarudi ofisini kusema gari halili kitu! Namba ya papo kwa papo haifai kumhukumu mtu. Namba inayofaa ni ya tangi hadi tangi, tena si tangi moja.

Sisi tulijaza mara tatu, kituo kilekile, pampu ileile, gari limesimama palepale. Mara ya kwanza lita 62.4 kwa kilomita 612. Mara ya pili lita 58.9 kwa kilomita 590. Mara ya tatu lita 65.1 kwa kilomita 634. Jumla lita 186.4 kwa kilomita 1,836. Kila mmoja wetu alitia sahihi kwenye risiti. Gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100, unapata 10.15. Kioo, kwa safari zilezile, mbele ya macho yetu wote, kiliandika 8.9.

Mtunza stoo alirudia hesabu mara mbili kwa simu yake. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulitegemea kwa mtu wa upande wa ofisi: akachukua zile kilomita 2,400 za mwezi wa ugomvi akazidisha kwa 10.15. Ikatoka lita 243.6. Vocha zilisema 244. Lita 30 zikawa chini ya nusu lita.

Hapo tungeweza kushangilia na kwenda nyumbani. Lakini fundi aliinama akatazama tairi. Gari hili, alisema, lilitoka na tairi za 265/65R17, na hizi zilizomo ni 225/70R17. Kampuni ilinunua zilizopatikana kwa bei nafuu. Tairi ya kwanza ina kipenyo cha sentimita 77.6, hii ya pili 74.7. Tairi ndogo inazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ileile, na mita inahesabu mizunguko. Tukapima kwa ramani ya simu: mita ilipoandika kilomita 100, gari lilikuwa limekwenda 96 tu. Maana yake ulaji wa kweli ulikuwa karibu lita 10.6, mbaya kuliko hata tulivyodhani. Ukweli haukuwa wote wa kutupendeza, lakini tuliuandika kwenye ripoti kama ulivyo. Tuliandika pia kwamba dereva alikuwa na tabia ya kuacha injini ikinguruma wakati wa kungoja mzigo. Injini ya namna hiyo ikinguruma bure saa nzima inaweza kula karibu lita moja. Ameacha tabia hiyo.

Kurekebisha kioo ni kazi ya fundi mwenye kompyuta ya uchunguzi, ile inayochomekwa chini ya usukani. Katika magari kadhaa kuna namba ya masahihisho ambayo fundi anaweza kuibadili. Baadhi ya pikapu za Ford zina ukurasa uliofichwa wa mafundi, na humo namba hiyo huanzia 1000. Magari mengine hayana kitu hicho, au kiwanda kimekifunga. Hili letu lilikuwa nayo. Pampu ilisema 10.15 na kioo kilisema 8.9, basi gawanya ya pampu kwa ya kioo, unapata 1.14. Kioo kiongezwe asilimia 14. Mara ya kwanza fundi alikwenda upande usio sahihi, na kioo kikaanza kuandika 7.8. Karani alicheka mpaka akashika tumbo. Mara ya pili fundi alifuata upande sahihi. Tangi lililofuata pampu ilisema 10.2 na kioo kilisema 10.1.

Kwa madereva ambao magari yao hayakubali masahihisho, pigeni hesabu hiyohiyo, muiandike kwenye karatasi, mwakilishi na ofisi watie sahihi, muibandike kwenye dashibodi: zidisha namba ya kioo kwa 1.14, au kwa namba yoyote mtakayoipata. Haina sura nzuri lakini inafanya kazi.

Na kuna mtego mmoja. Siku kampuni itakaporudisha tairi za saizi halali, mita itaandika kilomita chache zaidi kwa barabara ileile, na hesabu itapanda kutoka 10.15 hadi 10.6, ingawa injini haitakuwa imekula hata tone zaidi. Asiyejua atasema wizi umeanza tena. Jambo hili tumelitia kwenye barua mapema, na nakala tumeihifadhi.

Kuna watakaosema, magari ya kisasa hayakosei. Huko Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2018/1832 iliamuru magari mapya yawe na kifaa cha kuweka kumbukumbu ya mafuta yaliyotumika, na ikaruhusu kifaa hicho kikosee hadi asilimia 5. Ilianza kwa magari mapya ya abiria mwaka 2020 na 2021. Basi pigeni hesabu: asilimia 5 ya lita 244 ni lita 12. Hata gari jipya la Ulaya linalotii sheria linaweza kumzushia dereva deni la lita 12 kila mwezi. Na pikapu zetu nyingi zilitengenezwa kabla ya sheria hiyo.

Kuhusu mshahara, sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata apendavyo. Ugomvi wa mfanyakazi mmoja huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi, wajaribu kupatanisha. Wakishindwa, hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi. Ndiyo njia tuliyofuata. Tulikwenda na risiti tatu zenye sahihi nne, picha za kioo, na vipimo vya tairi. Hatukuhitaji kupiga kelele.

Makato ya mwezi wa kwanza yamerudishwa. Ya mwezi wa pili ofisi inasema yalikwisha ingia kwenye vitabu na haiwezi kuyagusa. Neno "upotevu" nalo bado limo kwenye faili la ndugu yetu, na yeye anasema hilo linamuuma kuliko fedha. Mkaguzi wa kazi amepewa karatasi zote. Dereva yuko barabarani, na daftari lake la mafuta sasa analiandika mwenyewe, kila tangi.